Tarehe ya Mji wa Pangani

Mji wa Pangani umekaa ukingo wa kaskazini wa mto wenye jina hilo hilo, pale maji yaliyoshuka kutoka Kilimanjaro na Meru yanapokutana na bahari. Na ng'ambo ya pili, chini ya kilima, iko Bweni. Mlangoni pa mto pana fungu la mchanga lizuialo marikebu kubwa, lakini majahazi yalingoja maji kujaa yakaingia salama, na katika karne ya 19 hayo yalitosha kuutajirisha mji. Misafara ilitoka na nguo, shanga na nyaya, ikafika hata Umasaini, ikarejea na pembe. Na kandokando ya mto yakaenea mashamba ya miwa yaliyolimwa kwa jasho la watumwa.

Mmoja wa wenye mashamba hayo alikuwa Abushiri bin Salim al-Harthi. Mwaka 1888, Sayyid Khalifa bin Said, Sultani wa Unguja, alipokwisha kuikodisha Mrima, yaani pwani, kwa Kampuni ya Wadachi, wakili wa Kampuni hiyo Emil von Zelewski, aliyelakabiwa Nyundo, alishika amri Pangani mwezi wa Agosti pasipo kuchunga heshima ya liwali wala ya msikiti. Watu wakaghadhibika, na vita vikaenea pwani nzima. Abushiri, aliyeviongoza, alinyongwa papo hapo Pangani tarehe 15 Disemba 1889, na khabari za vita hivyo Hemedi bin Abdallah al-Buhriy akazitungia utenzi.

Mwaka 1893, miche 62 ya mkonge, iliyosalimika katika 1,000 aliyoiagiza Dakta Richard Hindorf kutoka Florida, ilipandwa Kikogwe, kusini ya mto. Na mwaka huo huo reli ikaanza kutandikwa Tanga. Shehena za bara zikaifuata reli, hata zao lililoanzia Pangani likawa utajiri wa bandari nyingine.

Biashara ilipohama, hapakuwa na haja ya kubomoa majumba ya kale ili kujenga mapya. Kwa sababu hiyo mgeni wa leo huyakuta yamepanga mstari kuuelekea mto, pamoja na boma na milango ya nakshi. Huvuka kwa kivuko kwenda Bweni, hupanda mto kwa mashua baina ya minazi, au husafiri hadi Maziwe, kisiwa kilichopoteza mivinje yake, ambacho sasa ni fungu la mchanga lizungukwalo na matumbawe. Lakini ufukara ulioyaacha majumba hayo hauwezi kuyatengeneza: ukuta wa mawe na chokaa ukikosa paa huliwa na mvua, na boriti huoza. Kuyahifadhi kwataka mafundi na mali, tena kabla ya masika mengine.