GOFIA LA JAHAZI NA BEGA LA MPAGAZI



Ndugu zangu, juzi baada ya swala ya alasiri alinijia kijana wetu wa darasa la saba na daftari lake. Skuli wamesomeshwa mashine rahisi: wenzo, roda, mteremko, kabari, parafujo, gurudumu na ekseli. Zote sita kazihifadhi. Nikamuuliza, "Roda umeiona wapi?" Akanijibu, "Kitabuni tu, maalim."

Na sisi tuko Malindi, bandari iko pale! Nikamchukua tukaenda kutazama majahazi.

Foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni mzito. Wazee wetu waliufunga kwa kamba nene, henza, ikapita juu ya mlingoti na kushuka hadi kwenye gofia. Ndani ya gofia ikapita kamba nyengine, jarari, ndiyo wanayoivuta mabaharia. Gofia ndiyo roda ya kitabuni. Kamba mbili zikibeba pamoja kilo 100, mvutaji hutoa nguvu ya kilo 50 tu, ukiacha msuguano. Lakini mzigo ukipanda mita 1, yeye kavuta kamba mita 2. Hapa watoto wengi hukosea. Mashine haiondoi kazi. Huigawa mpaka mja akaiweza.

Sasa zingatieni. Karne ya 19 majahazi hayo yalileta Unguja pembe za ndovu kutoka Bagamoyo. Na Bagamoyo zilifikaje? Kwa kichwa na bega la mtu. Wapagazi walitembea miezi kutoka Ujiji na Tabora, kila mmoja na mzigo wa frasila 2 hivi, yaani karibu kilo 32. Wengi walikuwa Wanyamwezi wa ujira, wengine watumwa.

Ni kweli ndorobo waliua wanyama wa mizigo, na njia ya gari haikuwepo. Lakini tusijifiche nyuma ya ndorobo. Soko la watumwa la hapa Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, si zamani sana. Pale mtu anapouzwa sokoni, nani atahangaika kumtafutia gurudumu? Ujuzi ulikuwepo baharini. Huruma ndiyo iliyopungua nchi kavu.

Mtume ﷺ ametukataza kumtwisha mtumishi asichokiweza, na tukimtwisha, tumsaidie. Basi tujiulize leo. Unajenga ghorofa, kibarua anapandisha zege kwa ndoo kichwani toka asubuhi. Kamba na roda zingekugharimu kiasi gani? Hamali anainua magunia kwenye gari, na ubao wa kumtegea mteremko umeulaza uani kwako. Huko nako ni kumsaidia, na tutaulizwa.

Wazazi, wapelekeni watoto bandarini. Waonyesheni gofia, kisha wasimulieni na habari ya mpagazi. Asisome moja akaacha nyengine.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa na nyoyo zenye huruma. Amin.