Ukuta Uliogongwa: Safari ya Bima ya Gari

Uingereza iliifanya bima ya gari kuwa lazima kwa Sheria ya Barabara ya 1930, lakini sheria hiyo ilijali mwili wa binadamu tu: kifo na majeraha. Mwenye duka aliyebomolewa ukuta alibaki kumdai dereva mwenyewe, na dereva fukara hakuwa na cha kulipa.

Hata aliyegongwa na gari lenye bima hakuwa salama. Kabla ya 1930, mwenye gari akifilisika, fidia iliyotoka kwa kampuni ya bima iliingia kwenye mali yake yote ikagawanywa kwa wadai wake wote, aliyeumizwa akiwa mmoja wao tu. Mahakama ilithibitisha jambo hilo katika kesi ya Harrington Motor ya 1928, na kwa kweli lilikuwa dhuluma ya wazi. Sheria nyingine ya 1930 ikaihamisha haki ya mwenye gari kwa aliyepata hasara, naye akaweza kuidai kampuni.

Mali ilisubiri zaidi ya nusu karne. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1984 ndilo lililoilazimisha Uingereza kuongeza uharibifu wa mali, kuanzia mwisho wa 1988, kwa kima cha pauni 250,000.

Kenya ilirithi mfano wa awali. Sura ya 405 ya sheria zake, iliyotungwa enzi ya ukoloni, inalazimisha bima ya kifo na majeraha. Fidia ya ukuta au kibanda hutegemea mkataba wa bima aliokata mwenye gari.