Dawa ya Moyo Huwekwa Kabla ya Maradhi



Mara ngapi umesikia kijana aliyevunjika moyo akiambiwa ati imani yake ni haba? Basi hebu turudi nyuma zaidi ya miaka elfu moja.

Karibu na mwaka 850, katika nchi ya Balkh, ambayo leo iko Afghanistan, alizaliwa mwanachuoni Abu Zayd Al-Balkhi. Alisafiri hadi Iraq kutafuta elimu, akarudi kwao, na akafariki mwaka 934. Aliandika kitabu kiitwacho Masalih al-Abdan wal-Anfus, yaani maslahi ya miili na nafsi. Aliona matabibu wanashughulika na mwili tu, nafsi wameisahau. Na mtu ni vyote viwili: kimoja kikiugua, cha pili hakipati raha.

Maradhi ya nafsi aliyagawa manne: hasira, hofu, huzuni na wasiwasi. Huzuni nayo akaitenga mara mbili. Kuna yenye sababu, kama kufiwa au kupoteza mali, na kuna ile ambayo mwenyewe hajui imetoka wapi. Hii ya pili aliihusisha na mwili, kwa hivyo mwili nao utibiwe. Hakusema ati ni imani haba. Na Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim.

Je, imani haina kazi? Inayo, tena kubwa! Al-Balkhi anasema, kama mtu mzima anavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya dharura, vivyo hivyo aweke fikra njema moyoni wakati ametulia. Moja ya fikra hizo: dunia haikuumbwa ili impe mtu kila atakacho. Ukiizoea mapema, msiba ukija utakukuta una akiba.

Ndugu yangu, Ramadhan ndio wakati wa kuweka akiba hiyo. Unapotukanwa nawe ukajizuia kwa sababu umefunga, umeshaweka dawa ya hasira. Usiimalize siku ya Idi.

Na mwenzako akikwambia amechoka na maisha, usimhukumu. Kaa naye, msikilize, muombee dua, kisha mpeleke kwa daktari. Dua na matibabu havigombani. Wanachuoni wetu walilijua hilo zamani.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Kareem.