Picha za Misioni Iramba: Mtunza Nyaraka na Mhifadhi wa Makumbusho

Historia ya Kanisa katika mkoa wa Singida haikuandikwa kwa kalamu peke yake. Wamisionari wa Leipzig, waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, walipiga picha; nao Wamarekani wa Sinodi ya Augustana, waliopokea kazi hiyo mwaka 1926, waliendelea kupiga. Picha nyingi zilipelekwa ng'ambo. Leo nyingi za Leipzig zaonekana kwa njia ya intaneti katika hifadhi ya picha za misioni ya Chuo Kikuu cha Southern California, Marekani. Yatupasa basi kuuliza: nani azitunze, na nani azieleze?

Kazi hizi ni mbili. Mtunza nyaraka huipokea picha jinsi ilivyokuja. Hulinda mpangilio wa albamu, maandishi ya nyuma, hata jina la kijiji lililoandikwa visivyo, kwa kuwa kosa nalo ni ushahidi. Hachagui iliyo nzuri. Mhifadhi wa makumbusho huchagua: kati ya picha mia hutoa kumi, huzipanga ukutani, na kumweleza mtazamaji maana yake.

Hatari huanza mmoja anapoimeza kazi ya mwenzake. Usharika unaoandaa jubilei waweza kuing'oa picha ya ubatizo katika albamu, kuikata kingo na kuiandikia maneno mapya. Sherehe ikiisha, hakuna ajuaye ilipigwa wapi wala lini. Lakini picha iliyofungiwa kabatini na maelezo yake ya zamani nayo yaweza kudhulumu. Mara nyingi maelezo ya namna hiyo humtaja mmisionari kwa jina, na Mnyiramba aliyesimama kando yake huitwa mwinjilisti tu, au mwanamke Mkristo.

Waliokuwa watu wazima katika picha za kabla ya 1914 hawapo tena. Wa miaka ya 1950 wangali na watoto na wajukuu wawezao kuwatambua. Kwa hiyo twashauri: jina litolewalo na wazee liandikwe kando ya maelezo ya kwanza, pamoja na jina la aliyelitoa na tarehe, wala lisiyafute.

Katika Yoshua 4 mawe kumi na mawili yalitolewa mtoni Yordani ili watoto waulize maana yake. Mawe yakitupwa, mtoto hana la kuuliza. Mzee akinyamaza, mtoto hana wa kumjibu. Na pale ambapo usharika una mtu mmoja tu wa kazi zote mbili, aanze kwa kutunza, ndipo aeleze.