Kauboi wa Palma

Ukivuka mto Ruvuma kutoka Mtwara, Tanzania, kwenda Palma, Msumbiji, neno kauboi hubadilika midomoni. Kaskazini ya mto tunasema kauboi, kwa sikio la Kiingereza. Kusini Kireno kina cobói. Asili ni moja, mchunga ng'ombe, ingawa pwani hii ya mkoa wa Cabo Delgado, ulipo Palma, ni ya nyavu na madau kuliko zizi.

Kwenye sinema na tamthilia za kikauboi zenyewe ng'ombe haonekani sana. Gunsmoke, tamthilia ya televisheni ya Marekani iliyodumu kuanzia 1955 hadi 1975, shujaa wake Matt Dillon alikuwa mlinzi wa sheria wa mji mdogo wa Dodge City, si mchungaji. Ilikoma mwaka uleule Msumbiji ilipopata uhuru. Televisheni ya Msumbiji ilianza majaribio mwaka 1981, na Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya 1990 (Zanzibar ilitangulia, 1973). Kwa hiyo kauboi alitufikia kwanza kwenye kitambaa cha sinema, naye alifika kama kofia, buti na bastola. Ng'ombe walibaki kwao.

Ndiyo maana tafsiri ya "mchunga ng'ombe" haifai: humwita Mmasai, si mwigizaji Clint Eastwood. Na "mchungaji" humwita kasisi. Neno la mkopo libaki. Wingi wake ni makauboi, na sinema zao ni za kikauboi. Wahariri, acheni kuandika "cowboys" katikati ya sentensi ya Kiswahili.