Nani Alifyatua Kamera za Palo Alto?

Wanaofundisha upigaji picha hupenda kusema kwamba waya wa kufyatulia kamera ulibuniwa ili mkono usiitikise kamera. Ndiyo kazi yake leo, hasa kwa picha za usiku. Kama maelezo ya asili yake, hata hivyo, hayasimami. Sizungumzii kipira cha hewa cha studioni wala waya laini wa chuma uliokifuata. Waya wa umeme ulizaliwa pale mkono wa binadamu uliposhindwa kwa wepesi.

Leland Stanford, tajiri wa reli na gavana wa zamani wa California, alitaka kujua kama farasi anayekimbia hufika mahali akawa hagusi chini kwa kwato hata moja. Kazi alimpa mpiga picha Eadweard Muybridge. Ya miaka ya mwanzo ya kazi hiyo, pamoja na kesi ya mauaji iliyomkabili Muybridge, yameshaandikwa mno. Twende Palo Alto, Juni 1878.

Kamera 12 zilipangwa kando ya njia ya mbio, kila moja ikiwa na vibao viwili mbele ya lenzi, vimevutwa kwa mipira na kuzuiwa na komeo dogo. Farasi akivuta kigari, gurudumu lilikanyaga nyaya zilizotandazwa chini. Saketi ikifungika, sumaku ya umeme iliachia komeo na vibao vikapishana. Farasi aliyepandwa alikata kwa kifua nyuzi zilizokatiza njia. Siku moja, mbele ya waandishi wa magazeti, farasi jike Sallie Gardner alishtushwa na nyuzi hizo, akaruka, mshipi wa tandiko ukakatika. Picha zilipotoka, mshipi ukaonekana umekatika, na waliokuja na shaka wakaridhika.

Mtambo huo ni wa nani? Machi 1879 Muybridge alipata hataza zake, kwa jina lake peke yake. Mwaka 1882 Stanford akagharimia kitabu cha J.D.B. Stillman, The Horse in Motion, ambacho jina la Muybridge halimo kwenye ukurasa wake wa mbele. Ndani ametajwa kama mtu wa kuajiriwa. Alimshtaki Stanford, akashindwa. Wanahistoria wengi humsikitikia, na kuhusu picha niko nao: alidhulumiwa. Kuhusu waya, siko nao.

Kifaa cha kufyatulia kilipohitajika, msaada ulitoka kwa wahandisi wa reli ya Stanford. Arthur Brown, mkuu wao, alimkabidhi kazi kijana John D. Isaacs, na utaratibu wa umeme ni wa Isaacs. Watetezi wa Muybridge hujibu kwamba wazo lilikuwa lake, mwenzake akatekeleza. Hoja hiyo ni dhaifu. Kumfanya mnyama ajifyatulie mtego ni jambo analolijua kila aliyewahi kutega ndege. Kazi ilikuwa kuzifanya kamera 12 zifyatuke kila moja kwa zamu yake, bila farasi kuburuta hata kamera moja. Aliyelipatia jibu tatizo hilo ndiye mbunifu, na hataza hazimtaji. Muybridge alimtendea Isaacs yaleyale ambayo baadaye alimlaumu Stanford kwayo.

Jambo hili la kumnyima aliyefanya kazi sifa yake linatuhusu. Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za wanyama usiku katika nyika za Umasaini, karibu na Kilimanjaro, na mwaka 1905 akatoa kitabu Mit Blitzlicht und Büchse chenye picha 302. Ng'ombe au punda hai alifungwa kama chambo, ukatili ambao siutetei. Simba akigusa uzi, unga wa magnesiamu uliwaka na picha ikapigwa. Ukurasa wa mbele unasema picha zote ni za mwandishi. Lakini mitambo na shehena za msafara zilibebwa na wapagazi wa nchi hii. Makumbusho na majarida yetu yanapozichapisha picha hizo, maelezo yaliyo chini yake yataje kazi ya wapagazi hao pamoja na jina la Schillings.