Lenzi Juu ya Lenzi: Historia ya Jicho la Nyongeza na Ugomvi Uliozuka

Imepita robo karne na ushei tangu kampuni ya Nikon ya Ujapani ilipoitoa sokoni, mwaka 1999, kamera yake ndogo ya kidijitali iitwayo Coolpix 950. Na katika miaka hii ya karibuni vijana wengi, waliokinaishwa na picha za simu zilizosafishwa kupita kiasi, wamerudi kuzisaka kamera za namna hiyo katika maduka ya mitumba na kuzinunua kwa bei ambayo miaka kumi iliyopita isingesadikika. Lakini wanunuapo kamera hawakiulizii kile kipande kizito cha kioo kilichokuwa kikikazwa mbele yake ili ione upana uliozidi maumbile yake, naye muuzaji aghalabu amekwisha kukitia katika sanduku la vikorokoro, akikidhania kuwa ni kifuniko cha kitu kingine. Nasi twaona ni haki kukiulizia, kwa kuwa nasaba yake ni kongwe kuliko ya kamera yenyewe, na kwa kuwa kimepata kuwa sababu ya mzozo ambao watu wa fani hii hawajausahau.

Asili ya lenzi hiyo ya nyongeza ni darubini iliyopinduliwa. Galileo alipounda darubini yake mwaka 1609 aliweka mbele lenzi mbinuko, na nyuma, penye jicho, akaweka lenzi mbonyeo, na vitu vya mbali vikasogea karibu. Na mtu aigeuzapo darubini hiyo, mbonyeo ukawa mbele na mbinuko nyuma, huona kinyume chake, yaani vitu vinakuwa vidogo na eneo lionekanalo linapanuka. Miali iliyoingia sambamba hutoka sambamba, na kwa hivyo lenzi ya kamera iliyo nyuma haina habari kwamba imewekewa kitu mbele yake, bali huendelea na kazi yake kama kawaida, isipokuwa urefu wake wa fokasi umezidishwa kwa 0.7 au kwa namba nyingine iliyo karibu na hiyo. Fadhila kubwa ya tadbiri hii ni kwamba, ikiwa kioo ni kikubwa cha kutosha, mwanga haupungui, na kamera iliyo hodari katika chumba chenye kiza hubaki na uhodari wake.

Hatua za mwanzo zajulikana. Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alipiga picha mwaka 1906 kwa kamera iliyojazwa maji ili aonyeshe jinsi samaki auonavyo ulimwengu ulio juu yake, na jina la jicho la samaki likaanzia hapo. Nippon Kogaku, ambayo ndiyo Nikon ya leo, ilitengeneza lenzi ya namna hiyo mwaka 1938 kwa ajili ya mawingu. Na Yashica iliyotoa kamera ya Electro 35 mwaka 1966 iliwauzia wateja wake jozi ya lenzi za kukaza mbele, moja ya kupanua na moja ya kuvuta. Lakini baina ya hao yupo mtu mmoja ambaye haifai kumpita mbio. Robin Hill wa Cambridge, aliyezaliwa mwaka 1899, aliandika mwaka 1924 makala juu ya lenzi iwezayo kuitia mbingu yote katika picha moja, na lenzi hiyo, yenye kioo kikubwa kilichobonyea mbele, ikatengenezwa London na mafundi wa R. & J. Beck ili wataalamu wa hali ya hewa wayahesabu mawingu. Hill hakuwa fundi wa vioo, bali alikuwa mtaalamu wa kemia ya viumbe. Na mwaka 1937 akaja kubainisha kwamba chembe za kijani zilizotolewa katika jani zaweza, zikipata mwanga, kutoa oksijeni, jambo ambalo hata leo wanafunzi hulisoma kwa jina lake. Yumkini hakudhani kwamba shughuli zake mbili, ya mawingu na ya majani, zingekuja kukutana. Lakini zilikutana mwaka 1959, pale Evans na Coombe walipoielekeza kamera ya Hill juu kutoka chini ya miti, ili wapime kiasi cha mwanga unaopenya majani mpaka chini.

Kamera ndogo za kidijitali zilipokuja, zilikuja na kilema cha kuzaliwa. Kihisi mwanga cha Coolpix 950 kilikuwa na upana wa takriban milimita 6.4 tu, na kwa udogo huo lenzi yake ya milimita 7, ambayo kwa kipimo cha filamu ya zamani ingekuwa pana ajabu, haikuona zaidi ya ile ya milimita 38. Mtu aliyesimama sebuleni hakuweza kuitia familia yote katika picha, na yeyote aliyepata kupiga picha katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ambako mpiga picha akirudi nyuma hatua mbili hupata ukuta mgongoni, ajua dhiki hiyo ni ya namna gani. Dawa ilikuwa ni kukaza lenzi juu ya lenzi. Ile ya Nikon iitwayo WC-E63 ilizigeuza milimita 38 zikawa 24, na upana wa kuona ukatoka nyuzi 51 hadi kama 74. Na ile iitwayo FC-E8, yenyewe ikizidisha kwa 0.21, iliona nyuzi 183, yaani nusu ya dunia na ziada kidogo.

Ustadi wa Nikon ulikuwa katika umbo. Lenzi ya Coolpix ilijivuta ndani kwa ndani bila ya kuchomoza, na mdomoni mwake palikuwa na hesi ya milimita 28 iliyoweza kuchukua uzito wa kioo cha nyongeza. Na ndani ya orodha ya mipangilio ya kamera mtu aliweza kuiarifu ni lenzi gani aliyoikaza, nayo ikaizima flashi, ambayo la sivyo ingekitupia kivuli kioo hicho katikati ya picha, na kwa jicho la samaki ikaifunga fokasi mahali pa mbali kabisa. Wengine hawakufika hapo. Canon, katika kamera zake za PowerShot, ilimtaka mteja anunue kwanza mrija wa kuizunguka lenzi, kisha lenzi yenyewe, na kitundu cha kuchungulia kikazibwa nusu na ule mrija.

Ama ule ugomvi, ulianzia mbali na Ujapani, katika mji wa Oak Ridge, Tennessee, uliojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya mradi wa bomu la atomiki. Huko wahandisi wa kampuni ya TeleRobotics International walitafuta njia ya kumwezesha mtu aliye mbali kutazama pande zote bila ya kuizungusha kamera kwa mota. Wakaona kwamba picha ya jicho la samaki ina kila kitu ndani yake, japo kimepindika, na kwamba kompyuta yaweza kukinyosha kipande chochote atakacho mtazamaji. Hataza ya fikra hiyo ilitolewa mwaka 1993 kwa jina la mhandisi Steven Zimmermann. Na kampuni, baada ya kubadili jina na kuungana mwaka 2000 na bamboo.com, iliyokuwa ikishughulika na picha za nyumba za kuuza, ikajulikana kwa jina la iPIX. Chombo walichokichagua kuwa cha biashara yao kilikuwa ni Coolpix na FC-E8 yake: mpiga picha alisimamisha kamera juu ya miguu mitatu katikati ya chumba, akapiga mara moja, akaigeuza kinyume, akapiga mara ya pili, na kwa kuwa kila picha ilizidi nyuzi 180 kwa nyuzi tatu, kingo zilipandana na programu ikaziunga zikawa tufe zima.

Lililowachoma watu ni malipo. Aliyekwisha kununua kamera, na lenzi, na programu, alitakiwa bado anunue ufunguo kwa kila tufe alilolitengeneza, na bila ya ufunguo picha aliyoipiga kwa mkono wake na kwa mali yake haikutoka. Wakati huo huo Helmut Dersch, mwalimu wa chuo cha Furtwangen katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, alikuwa tangu mwaka 1998 akiwagawia watu bure programu alizoziandika mwenyewe na kuziita Panorama Tools, ambazo zilifanya hesabu ya kunyosha na kuunga picha kwa uhodari uliowashangaza hata waliokuwa wakiuza kazi hiyo. iPIX ikadai kwamba hataza zake zimeguswa. Dersch hakuwa na kampuni wala hazina ya kuwalipa mawakili. Akaiwekea programu yake mpaka, isikubali picha ya jicho la samaki iliyozidi nyuzi 160. Hapo hila ilikuwa dhahiri kwa kila ajuaye kujumlisha: mbili mara 160 ni 320, na tufe lina 360, basi picha mbili hazitoshi, na mwenye FC-E8 alilazimika kupiga tatu au zaidi kwa kazi ambayo kioo chake kiliiweza kwa mbili. Takriban mwaka 2001 Dersch akaacha kuziendeleza.

Sisi hatukatai kwamba wahandisi wa Oak Ridge walifikiri jambo zuri mapema kuliko wengine, wala kwamba mwenye kubuni anastahili ujira wake. Lakini kumtoza mtu kwa kila picha, kisha kumtisha mwalimu anayegawa hesabu bure, ni tabia ambayo haikuipatia iPIX rafiki hata mmoja miongoni mwa watu waliokuwa tayari kuipenda. Mwaka 2006 iPIX ilifilisika.

Ilhali wafanyabiashara wakigombana, wataalamu wa misitu walikuwa wamekwisha kuichukua lenzi ile ile kwenda nayo porini, maana ilikuwa rahisi mno kuliko lenzi kamili za jicho la samaki za kamera za filamu. Frazer na wenzake wa Kanada waliilinganisha na filamu mwaka 2001, wakaona kwamba rangi zilitawanyika kingoni na kwamba kamera ndogo ilizikuza nafasi zilizo baina ya majani, hasa penye msitu mzito, na wakawaonya wenzao wasiipokee bila ya tahadhari. Hata hivyo iliendelea kutumika miaka mingi, na katika makala za elimu ya misitu jina la FC-E8 limeandikwa mara nyingi zaidi, twadhani, kuliko katika majarida ya wapiga picha.

Baadaye mambo yalikwenda mbio. Zikafurika sokoni lenzi za bei rahisi zilizoandikwa 0.45 kwa maandishi makubwa, zenye kiza katika pembe nne za picha na milango iliyopinda. Kisha watengenezaji wakaanza kuzipa kamera ndogo upana kutoka kiwandani, Canon G10 ikaanzia milimita 28 na Panasonic LX3 milimita 24, zote mwaka 2008, na simu zikafuata na lenzi pana zilizojengwa ndani. Leo ni wachache waliobaki na heshima ya kazi hii: Ricoh iliitengenezea GR III yake lenzi ya GW-4 inayoipeleka milimita 21, na Fujifilm huitengenezea kamera zake za X100 lenzi inayozipeleka 28.

Waliobaki wamefanya vyema, lakini wengi wameiondoa hata hesi yenyewe, na mdomo wa kamera ukawa hauna pa kukazia chochote. Jambo hili twaliona kuwa ni uchoyo, kwa sababu hesi haina gharama ya kutajika na humwachia mnunuzi uhuru wa kuongeza. Na huku kwetu pwani adui mwingine ni unyevu: lenzi ya nyongeza ina vioo vilivyofungiana hewa ndani, na ikiachwa miaka kabatini huota kuvu mfano wa utando, ambao fundi asipoifungua mapema hula mpako wa kioo usirudi tena. Mwenye nayo na aihifadhi mahali pakavu, kwani kazi yake haijaisha. Programu za Dersch ziliachwa wazi, watu wengine wakaziendeleza, na hesabu zake zingali ndani ya programu ya Hugin, inayotolewa bure kwa yeyote aitakaye. Na hataza ya mwaka 1993 imekwisha muda wake, hata mwenye FC-E8 leo aweza kupiga mara mbili, nyuzi 183 kwa nyuzi 183, akaziunga bila ya kumwomba mtu ufunguo.